Mkubwa alisema "Tutaangalia", gazeti likaandika "Tutatoa"



Ninawaandikia juu ya jambo ambalo limetutia hasara mara nyingi, na mimi mwenyewe nimelifanya. Mkubwa wa siasa anasimama mbele ya watu, anasema maneno laini yasiyo na siku wala hesabu. Kesho yake gazeti linaandika kwa herufi kubwa kwamba ameahidi. Watu wanasoma zile herufi kubwa, wanashangilia, wanangoja. Kisha kitu hakiji. Wakienda kumwuliza, anajibu: "Mimi sikusema hivyo." Na ubaya wenyewe ndio huu: tukitafuta maneno yake, tunakuta ni kweli, hakusema.

Nianze na kosa langu, maana si vizuri mtu kuhesabu makosa ya wengine na kuficha lake.

Mimi ni karani wa mgodi. Nilisoma shule ya wamisionari, nikajifunza Kifaransa, kwa hiyo bironi mimi ndiye ninayepewa mikanda ya wakubwa niigeuze katika Kiswahili mbele ya kubandikwa ukutani. Miaka michache iliyopita ulikuja mukanda mfupi. Kwa Kifaransa ulisema kwamba wakubwa "wanachunguza kama inawezekana" kuongeza feza ya nyumba kwa wafanyakazi wenye watoto wengi. Mimi nina watoto, nilifurahi. Tena nilitaka mukanda uwe mfupi, watu wausome upesi wakienda kazini. Nikaandika: "Wakubwa wataongeza feza ya nyumba kwa wafanyakazi wenye watoto wengi." Sikuwa na nia ya kudanganya mtu. Nilikata maneno machache tu.

Mwisho wa mwezi, mzee mmoja wa kazi ya chini ya ardhi alikuja dirishani kwangu na karatasi yake ya mshahara. Alikuwa amekwisha kuchukua mabati kwa deni, apate kufunika chumba cha wanawe. Akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu karani, ile nyongeza iko mstari gani? Macho yangu hayaoni vizuri."

"Baba, haijaja."

"Lakini wewe uliandika itakuja."

"Niliandika, baba. Wao walisema wanachunguza."

"Basi aliyesema itakuja ni nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu aliyesema ni mimi. Wakubwa hawakuvunja ahadi, maana hawakuitoa. Deni la mabati lilibaki kichwani mwa mzee.

Tangu siku ile ninasoma magazeti kwa jicho jingine. Nimeona kwamba kosa langu la ukutani ndilo kosa linalofanywa kila siku na watu wenye mashine za kupiga chapa na wenye redio, nao hawana mzee wa kuja kuwauliza dirishani.

Wandugu, tutazame mfano mkubwa wa nchi yetu. Tarehe 4 Januari 1959 watu wa Leopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, walifanya fujo kubwa baada ya mkutano wa ABAKO kukatazwa. Makumi ya watu walikufa. Bwana Kasa-Vubu na wenzake wakatiwa kifungoni. Siku tisa baadaye, tarehe 13 Januari, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, yule ambaye watu walimwita Bwana Kitoko alipotembelea Congo mwaka 1955, alisema katika redio. Alisema kwamba nia yao ni kuongoza watu wa Congo mpaka uhuru, katika neema na amani, bila ukawio wenye hasara, lakini pia bila haraka isiyofikiriwa.

Hebu tupime maneno hayo kama karani anavyopima gunia. Neno "uhuru" limo, na hilo si jambo dogo, maana kinywa cha mfalme kilikuwa hakijalitoa namna hiyo. Lakini mwaka hauko. Mwezi hauko. Hakusema nani atashika jeshi, nani atashika migodi, nani atashika feza. Tena amefunga kamba pande mbili: upande huu hakuna kukawia, upande ule hakuna haraka. Mtu akivuta upande wowote, mfalme anaweza kumwambia: "Soma vizuri, nilisema na ile nyingine."

Basi kila mmoja alichukua nusu yake. Mtu mweusi wa cité alisikia "uhuru" na "bila kukawia". Mzungu mwenye shamba ao duka alisikia "bila haraka", akalala usingizi. Habari ilipopita kutoka kinywa hata kinywa, kutoka gazeti hata gazeti, ilipungua njiani mpaka ikabaki neno moja. Wengi waliamini siku imekwisha kuwekwa, na kumbe hakuna siku iliyowekwa.

Ni nini kilileta siku? Si herufi kubwa. Mwaka mzima wa 1959 vyama viliuliza: lini? ABAKO ilipoona hakuna jibu, watu wake wa Bas-Congo walikataa uchaguzi wa Desemba 1959. Stanleyville, leo Kisangani, kulikuwa na fujo na damu mwezi wa Oktoba, na Bwana Lumumba akafungwa. Mfalme mwenyewe alipofika Stanleyville mwezi wa Desemba, watu walimpigia kelele za uhuru usoni pake. Kisha, tarehe 20 Januari 1960, mkutano wa Table Ronde, ndio ile meza ya mviringo, ulifunguliwa Bruxelles. Wajumbe wa Congo, ambao nyumbani walikuwa wakigombana, walifanya umoja na kudai siku. Bwana Lumumba alitolewa katika kifungo cha Jadotville, leo Likasi, akapelekwa kwa ndege kukutana na wenzake. Tarehe 27 Januari jibu likatoka: tarehe 30 Juni 1960. Hiyo sasa ilikuwa ahadi. Ina mwenye kuitoa, ina mashahidi, ina siku. Ilitimizwa siku ile ile.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba magazeti ya 1959 yalileta uhuru kwa kukuza neno la mfalme. Watu waliochukua neno lile na kukaa wakingoja hawakuleta kitu. Waliolichukua na kuuliza "lini?" mpaka wakajibiwa, hao ndio walioleta siku.

Lakini tazameni pia yale ambayo hayakuulizwa sana wakati ule. Siku ilipatikana, na neno "uhuru" likaendelea kuwa kama mfuko ambao kila mtu anatia ndani anachotaka. Watu wa wakati ule wamesimulia namna wajanja walivyouzia wenzao nyumba na motokari za Wazungu, ati watazichukua siku ya uhuru. Askari wa Force Publique walifikiri watapandishwa vyeo, maana hakukuwa na afisa mweusi hata mmoja. Nani aliwaahidi? Hakuna. Tarehe 5 Julai 1960 Jenerali Janssens akawaandikia ubaoni kwamba mbele ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Jeshi likaasi.

Na habari ya feza? Table Ronde ya pili, ile ya mambo ya uchumi, ilianza mwisho wa Aprili 1960, wakati viongozi wakubwa walikuwa wakizunguka kuomba kura. Wengi wao walituma vijana wanafunzi kukaa mbele ya mabwana wa feza wa Bruxelles. Mambo ya sehemu ya Congo katika makampuni makubwa, pamoja na Union Minière, yalibaki na magomvi, na yalikuwa yakibishaniwa hata mwaka 1965. Sisi watu wa migodi tunajua maana yake. Jambo lililoulizwa kwa siku na saa lilijibiwa kwa siku na saa. Jambo lililoachwa laini lilibaki laini, na aliyefaidika ni mwenye wakili.

Mtu asifikiri kwamba ugonjwa huu ni wa watu weusi peke yao, kwamba Mzungu anasoma vizuri zaidi. Tarehe 4 Juni 1958, Jenerali de Gaulle alisimama Alger mbele ya umati mkubwa, wengi wao Wafaransa waliotaka Algeria ibaki mali ya Ufaransa milele. Akainua mikono akawaambia: "Nimewaelewa." Umati ukalia kwa furaha. Ndugu, ameelewa nini? Hakusema. Mtu anaweza kukuelewa vizuri sana na bado akakunyima. Lakini Wafaransa wa Algeria walichukua neno lile kama sahihi kwenye mukanda, na lilipochapwa na kuvumishwa likawa ahadi. Ni kweli kwamba siku mbili baadaye, huko Mostaganem, alitoa maneno ya Algeria ya Ufaransa, na hilo liliwatia nguvu. Lakini tarehe 16 Septemba 1959 alisema wenyeji wa Algeria watachagua wenyewe njia yao. Wale waliojiona wameahidiwa walisema wamesalitiwa: wakaweka vizuizi katika barabara za Alger Januari 1960, na majenerali wao wakaasi Aprili 1961. Julai 1962 Algeria ikawa huru, na mwaka ule Wafaransa zaidi ya nusu milioni walivuka bahari na masanduku yao. Sisemi walikuwa na haki. Ninasema tu kwamba walijenga nyumba juu ya neno moja ambalo halikuwa na msingi.

Na mtu yule yule, mwaka ule ule, alijua kusema neno gumu alipotaka. Tarehe 24 Agosti 1958 alikuwa Brazzaville, ng'ambo ya mto tu kutoka Leopoldville. Aliwaambia watu wa makoloni ya Ufaransa kwamba anayetaka uhuru anaweza kuuchukua mara moja. Hapo siku ilijulikana: kura ya tarehe 28 Septemba. Njia ilijulikana: kujibu "hapana". Na bei ilijulikana: Ufaransa itaondoa mkono wake. Guinea ikajibu "hapana", ikawa huru tarehe 2 Oktoba 1958, na Ufaransa ikaondoa watu wake na feza yake kweli. Ndiyo tofauti. Neno la Alger lilichezesha watu ngoma, la Brazzaville liliwapa kazi ya kufanya. Siku mbili baada ya neno la Brazzaville, wasomi kadhaa wa Leopoldville, Lumumba akiwa mmoja wao, walimwandikia waziri wa Ubelgiji mukanda wa kudai uhuru wa Congo uwekewe wakati wake.

Nitaongeza mfano mmoja wa nyumbani. Profesa Van Bilsen, Mbelgiji, aliandika katika mwaka 1955 kwamba Congo iongozwe mpaka uhuru katika miaka 30. Wabelgiji wengi walimpigia kelele kwamba anakimbia. Katika mwaka 1956 wasomi wa Conscience Africaine waliikubali ile miaka 30, na ABAKO ikajibu kwamba miaka 30 ni mingi mno, kazi ianze leo. Mnaona? Kwa sababu alitaja namba, watu waliweza kumkubali ao kumpinga. Neno lisilo na namba halipingwi na halitimizwi. Ndiyo sababu wanasiasa wanalipenda.

Sasa kwa nini gazeti linageuza "tutaangalia" kuwa "tutatoa"? Mimi ninaona sababu nne.

Ya kwanza ni nafasi. Juu ya ukurasa kuna mahali pa maneno matano ao sita. Maneno kama "labda", "kama", "ikiwezekana" ndiyo yanayokatwa kwanza, kwa sababu ni madogo. Lakini ndani ya maneno hayo madogo ndimo mwanasiasa anamojificha.

Ya pili ni lugha. Kifaransa cha wakubwa kina namna nyingi za kusema jambo bila kulisema: wanakusudia, wanaona vema, ingefaa, ingewezekana. Mgeuzaji akichoka, yote hayo anayatia katika "-ta-" moja: watafanya, watajenga, wataongeza. Mimi nilifanya hivyo. Herufi mbili zilimtia mzee katika deni.

Ya tatu ni biashara. Gazeti lenye habari ya "ameahidi" linauzwa. Gazeti lenye habari ya "amesema ataangalia, hakutaja siku" linabaki mkononi mwa mtoto anayeliuza.

Ya nne ndiyo mbaya zaidi, maana inatoka kwa rafiki. Gazeti la chama linampenda kiongozi wake. Kiongozi akisema kwamba shule ni jambo jema, gazeti lake linaandika kwamba shule zitajengwa. Linafikiri linamsaidia. Na gazeti la maadui wake nalo linafanya vile vile kwa kusudi jingine: linakuza neno lake leo, lipate kumwita mwongo kesho. Rafiki na adui wanachapa habari moja, na msomaji yuko katikati.

Kuna ndugu watanijibu: "Karani, wewe unaogopa. Acha gazeti liandike kwamba ameahidi! Hapo atafungwa na neno, ataona haya, atalazimika kutenda." Nimelifikiri jambo hilo sana, maana lina sura ya akili. Lakini angalieni linavyokwenda. Mwaka unapita, tunamfuata mkubwa na gazeti mkononi. Yeye anatoa hotuba yake iliyoandikwa, anasoma mstari kwa mstari. Neno letu halimo. Tangu hapo mazungumzo si juu ya shule ao mshahara tena, ni juu ya uongo wetu. Tumempa mlango wa kutokea, na sisi wenyewe ndio tuliotengeneza ufunguo. Lakini tukimshika kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni madogo, hana pa kupita. "Tarehe fulani, mahali fulani, ulisema utaangalia. Umeangalia? Umeona nini? Lini utatujibu?" Swali kama hilo linamtoa jasho kuliko herufi kubwa.

Wengine watasema watu maskini wanahitaji tumaini. Ni kweli. Lakini yule mzee wangu hakukosa tumaini, alikosa habari. Kama ningeandika "wanachunguza", asingechukua mabati mwezi ule. Angekuja na wenzake kuuliza uchunguzi unakwisha lini, na labda wangepata jibu mapema.

Basi ninatoa maombi mawili.

La kwanza ni kwa wanaoandika, pamoja na gazeti letu hili, maana halina dawa ya kulikinga na ugonjwa huu. Mkubwa akisema neno, liandikeni kama alivyosema, pamoja na siku na mahali. Likiwa la Kifaransa na kuligeuza ni kugumu, wekeni na Kifaransa chake kando. Kisha andikeni pia yale ambayo hakusema: hakutaja mwaka, hakutaja feza, hakutaja nani atafanya. Mkubwa akiwa wa upande wetu, fanyeni hivyo mara mbili.

La pili ni kwetu sisi wasomaji. Hakuna karani wa magazini anayetoa mali kwa sababu mtu amemwambia "wakubwa wanafikiri kukupa". Anaomba karatasi, anatazama jina, kitu, hesabu, siku, na sahihi. Tufanye hivyo na maneno ya siasa. Nani atatenda? Atatenda nini? Kiasi gani? Lini? Kwa feza ya nani? Kama majibu yote yako, hiyo ni ahadi, tuiweke mahali salama mpaka siku yake. Kama moja halipo, hiyo ni hotuba. Tuisikilize, tupige makofi tukipenda, lakini tusichukue mabati kwa deni juu yake, wala tusipige kura kwa sababu yake mbele ya kuuliza lile lililobaki.

Mimi, baada ya siku ile, nilibandika mukanda mwingine ukutani. Niliandika kwamba nilikosa, kwamba wakubwa walisema wanachunguza tu, na kwamba hakuna siku. Wafanyakazi hawakufurahi, kapita mmoja alinicheka mbele ya watu. Lakini wiki iliyofuata kundi la wafanyakazi lilikwenda kwa wakubwa kuuliza uchunguzi utakwisha mwezi gani. Lilikuwa swali la kwanza la kweli tangu mukanda ule kuja.

Yule mzee bado anapita dirishani kwangu. Kila mara ninapobandika mukanda mpya, anauliza kwanza jambo moja: "Mwanangu, hayo wameyasema wao, ao umeyasema wewe?" Kisha anangoja nimsomee Kifaransa chenyewe, neno kwa neno, hata kama hakijui.

Ni mimi,
karani mmoja wa mgodi